Kukubali, Kupokea na Kuridhia: Uhakiki wa Istilahi za Kupima Hali ya Mgonjwa Mbele ya Mauti

1. Chanzo cha makala haya

Miongoni mwa kazi zinazoletwa mezani petu kutoka hospitalini na vyuoni, iko moja iliyotusimamisha kwa muda mrefu kuliko kawaida. Ilikuwa rasimu ya hojaji iliyokusudiwa kutumiwa kwa watu wenye maradhi mazito katika Tanga na mwambao wake, ili kupima kadiri mgonjwa alivyokubali kwamba uhai wake unafikia mwisho. Wenye rasimu walituomba jambo dogo tu, yaani tuthibitishe istilahi. Hatutawataja, kwa kuwa makosa tuliyoyakuta si yao peke yao. Ni makosa yanayomnyemelea kila mfasiri anayeanza na kamusi na kumalizia na kamusi, na hata sisi tusingesalimika nayo kama kazi hiyo ingaliwekwa mikononi mwetu kwanza.

Swali la kwanza la rasimu lilikuwa hili: "Je, umekubali kifo chako?" Chini yake yalipangwa majibu matano, kuanzia "Nakubali sana" hadi "Sikubali kabisa". Muuguzi mmoja wa upande wa Pangani alitusimulia kwamba alilijaribu swali hilo kwa bibi mmoja aliyekuwa amelala kitandani kwa miezi kadhaa. Alimwamkia shikamoo kama ilivyo ada, akaketi mkekani, akasoma kama ilivyoandikwa. Bibi akamtazama kwa muda, kisha akamwuliza: "Kwani, mwanangu, kimekuja kuniposa hata nikikubali?"

Waliokuwapo walicheka, na sisi tulipohadithiwa tulicheka pia. Hata hivyo, jibu la bibi yule lina uhakiki wa kutosha kwa ukurasa mzima. Posa hukubaliwa au hukataliwa. Mwaliko hukubaliwa au hukataliwa. Mauti hayamo katika mambo ambayo mtu huletewa ili atoe jibu. Kwa swali lile, muuguzi alikuwa amemwuliza mgonjwa jambo lisilokuwako, na jibu lolote ambalo angaliliandika karatasini lisingalikuwa na maana.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno "kukubali" halifai kuwa istilahi ya hali hiyo, na kwamba tatizo hili linavuka mipaka ya ufasaha. Alama zinazotokana na hojaji kama hizi huingia katika jalada la mgonjwa. Anayehesabiwa kuwa "amekubali" aweza kuonekana hahitaji tena mtu wa kuketi naye, na anayehesabiwa kuwa "hajakubali" aweza kuandamwa kwa nasaha asizozihitaji. Baina ya wawili hao kuna neno moja tu, nalo ni letu sisi wafasiri.

2. Vipimo na mahali vilipozaliwa

Yafaa kwanza tueleze vipimo vyenyewe. Mwaka 1969 daktari Elisabeth Kübler-Ross, aliyefanya kazi Chicago, Marekani, alichapisha kitabu kilichotokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokaribia kufa. Humo alitaja hatua tano: kukana, hasira, kuomba masharti, huzuni, na mwisho hali ambayo Waingereza huiita kwa neno lenye maana ya kukubali. Wataalamu wengi wamekwisha kuonya kwamba hatua hizo hazifuatani kama madarasa ya shule, wala si kila mgonjwa huzipitia zote. Lakini jina la hatua ya tano lilienea duniani, na watu wakataka kuipima.

Mwaka 1994 Paul Wong na wenzake walitoa kipimo cha mielekeo ya mtu kuhusu kifo, chenye kauli 32. Jambo la maana kwetu ni kwamba waliigawa hali hiyo ya kukubali katika namna tatu. Ya kwanza ni ya mtu anayeyaona mauti kuwa sehemu ya maumbile, wala hayapendi wala hayachukii. Ya pili ni ya mtu anayeyaona kuwa mlango wa maisha mema ya akhera. Ya tatu ni ya mtu anayeyaona kuwa njia ya kutoka katika dunia iliyomchosha kwa maumivu. Kila namna huhesabiwa peke yake. Mwaka 2008 kikatoka huko Marekani kipimo kingine, cha wagonjwa wa saratani, chenye maswali 12. Hicho hupima vitu viwili mbalimbali: utulivu wa mtu anayeupokea ugonjwa wake, na mapambano yake nao.

Hapa kwetu Afrika, Shirika la Tiba Shufaa la Afrika liliandaa kipimo chake chenye maswali kumi, saba ya mgonjwa na matatu ya jamaa wanaomwuguza. Majibu yake hutolewa kuanzia sifuri hadi tano, na asiyejua kusoma aweza kuonyesha kwa mkono: ngumi ni sifuri, vidole vyote ni tano. Miongoni mwa maswali hayo limo moja linalouliza kama mgonjwa amekuwa na amani. Katika mkoa wa Tanga huduma za namna hiyo si ngeni. Hospitali Teule ya Muheza ilianza kuwahudumia wagonjwa wa aina hii katika idara maalumu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengi wao wakiwa watu wenye UKIMWI na saratani. Kwa hiyo tunazungumzia maswali ambayo hospitali za mkoa huo zina haja nayo.

Sasa rasimu iliyotufikia ilikuwa imechanganya kauli za vipimo vya Kimagharibi na kauli nyingine zilizotungwa kwa ajili ya wagonjwa wa dini ya Budha katika Asia. Hatuwalaumu waandishi kwa kutazama huko. Mafundisho ya Wabudha yameyafikiria mauti kwa kina. Kwao, kila kilichoungwa kitaunguka. Neno la Kipali "anicca" lataja hali hiyo ya kutodumu. Wana pia zoezi la tafakuri liitwalo "maranasati", ambalo kwa Kiswahili tungeliita kukumbuka mauti. Wala Wabudha si wageni kabisa katika nchi yetu, kwani katika mtaa wa Upanga, Dar es Salaam, kuna hekalu lao ambalo asili yake ni jamii ya Wasinhala waliofika kutoka Sri Lanka mapema katika karne ya 20.

Lakini kipimo hubeba dini ya mahali kilipozaliwa. Mpe Mbudha kauli za Wong zinazohusu pepo na kukutana na Mungu, naye atapata alama za chini. Si kwa kuwa ana hofu, bali kwa kuwa lengo lake la mwisho si pepo. Mpe Mwislamu wa Mtang'ata au Mkristo wa Magila kauli ya Kibudha isemayo kwamba nafsi haina kitu cha kudumu, naye ataikataa; si kwa kuwa hajatulia, bali kwa kuwa imani yake yamfundisha kinyume. Katika hali zote mbili tarakimu itaonyesha jambo ambalo halimo moyoni mwa mgonjwa. Hata "kukumbuka mauti", maneno ambayo msikilizaji wa Pwani huyafahamu vema kutokana na mawaidha ya msikitini, huwa na misingi miwili mbalimbali: Mbudha hukumbuka ili aone kwamba hakuna cha kung'ang'ania, na Mwislamu hukumbuka ili ajiandae kwa hesabu.

3. Mitego minne ya neno "kukubali"

Mtego wa kwanza ndio ule alioutaja bibi wa Pangani, nao ni kwamba kukubali hudai hiari.

Mtego wa pili ni wa imani. Mwulize mtu yeyote wa mwambao, mzima au mgonjwa, kama anakubali kwamba atakufa. Atajibu ndiyo bila kusita, kwa kuwa kujibu siyo ni kama kuikana dini yake. Jibu hilo ni la itikadi, halina habari ya moyo. Ataitoa kauli hiyo hiyo msibani anapowaambia wafiwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa, huku machozi yakimtoka. Kipimo ambacho watu wote hupata alama ya juu kabisa hakipimi kitu.

Mtego wa tatu ni wa mpangilio. Kwa miaka mingi hojaji zetu zimetumia "nakubali" na "sikubali" kuwa majibu ya ngazi. Rasimu iliyotufikia ilitumia neno hilo hilo kuwa jina la hali inayopimwa. Matokeo yake ni sentensi kama hizi: nakubali kwamba nimekubali, sikubali kwamba sijakubali. Msomi aliyeketi mezani aweza kuzifumbua sentensi hizo baada ya dakika moja. Mtu aliyelala na homa hana dakika hiyo.

Mtego wa nne ni wa sarufi. "Nakubali" na "nimekubali" hazina uzito mmoja. Kiambishi -me- hutaja hali iliyokamilika, kana kwamba moyo ukishafika huko haurudi. Lakini wauguzi wote tuliozungumza nao wanasema kwamba mgonjwa hubadilika baina ya asubuhi na jioni. Kwa hiyo swali lisilotaja muda, mathani siku tatu zilizopita, humlazimisha mgonjwa aseme kama ameshinda au ameshindwa, wakati yeye yumo safarini.

Ama kuhusu nomino "ukubalifu", ambayo rasimu iliitumia katika kichwa chake, twaona imeundwa kwa kufuata kanuni, lakini huelekea zaidi kwenye sifa ya mtu aliye mwepesi wa kukubali mambo. Mtu aweza kuwa mkubalifu maisha yake yote na asiwe tayari kufa.

Tuongeze neno juu ya "kifo chako". Katika adabu za Pwani, kumtajia mgonjwa kifo chake kwa kimilikishi ni kumchuria. Muuguzi anayelisoma swali hilo huonekana analeta habari ambayo daktari hakuitoa. Kabla mgonjwa hajajibu, tayari ameambiwa hukumu.

4. Kupokea, kuridhia na ridhaa

Tulipoyakataa maneno hayo, ilitubidi tutafute mengine. Tulifuata utaratibu wetu wa kawaida: kutazama kwanza hazina ya Kiswahili chenyewe kabla ya kwenda mbali. Yalijitokeza matano.

(a) Kusalimu amri. Hili ni la vita. Humwonyesha mgonjwa kuwa askari aliyeshindwa, na ndugu zake hawatapenda kulisikia.

(b) Kujisalimisha. Zamani lingeweza kufaa, lakini siku hizi masikio ya watu yamelizoea katika habari za mtuhumiwa anayekwenda mwenyewe kituo cha polisi.

(c) Kuridhika. Huku ni kutosheka na kitu, kama chakula au huduma. "Nimeridhika na kifo" ingekuwa sawa na kusema kimenipendeza.

(d) Kupokea. Neno hili lina heshima. Twapokea mgeni, twapokea amri. Halidai hiari kama kukubali. Tulikaribia kulichagua.

(e) Kuridhia. Hili hutaja moyo kuafikiana na jambo ambalo si lazima liwe limeupendeza.

Baina ya (d) na (e) tuliamuliwa na mzee mmoja wa Tongoni, ambaye tulimwuliza tofauti yake. Alituambia: "Kupokea, wanangu, tunapokea sote, hata anayepiga kelele. Kuridhia ni kwa wachache." Maneno hayo ndiyo tofauti ambayo vipimo vyote tulivyovitaja hujaribu kuipata. Mauti hupokewa na kila mtu, kwa kuwa hapana njia nyingine. Kinachopimwa ni kama moyo umeridhia.

Hata hivyo, kuridhia nako kuna mgongano ambao hatuna budi kuufichua. Jamaa yake, "ridhaa", imekwisha kuchukuliwa na hospitali na watafiti kwa maana nyingine. Mgonjwa kabla ya kupasuliwa au kuulizwa maswali hutia saini au dole gumba katika fomu ya ridhaa. Rasimu, katika ukurasa wake wa pili, ilikuwa na kichwa kisemacho "Ridhaa ya Mauti". Tufikirie mtu aliyekwisha kutia dole gumba katika fomu ya ridhaa ukurasa wa kwanza, kisha akafunua na kukuta ridhaa nyingine, ya mauti. Ana haki ya kuuliza ametia dole gumba lake kwenye nini. Kosa hili peke yake lilitosha kuizuia hojaji ile isitoke.

Watumishi wa serikali nao watasema kwamba Bunge huridhia mikataba. Ni kweli, na Bunge laweza kukataa. Lakini mkataba huridhiwa na chombo, nayo mauti huridhiwa na moyo. Tukiutaja moyo, mashaka yanaondoka. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika maandishi ya kitaalamu istilahi iwe "kuridhia mauti", kwa umbo la kitenzi-jina, bila kuunda nomino mpya kutoka kwake. Na katika karatasi asomewayo mgonjwa iwe "moyo wangu umeridhia".

Namna tatu za Wong nazo zitaitwa kuridhia kwa maumbile, kuridhia kwa tumaini, na kuridhia kwa uchovu. Rasimu iliita namna ya tatu "kukubali kwa kukimbia". Jina hilo linamshtaki mgonjwa. Mtu ambaye maumivu yamemfikisha mahali pa kutamani kuondoka hakukimbia kitu, amechoka. Zaidi ya hayo, jina "uchovu" humkumbusha anayesoma matokeo kwamba alama za juu katika fungu hili huenda zinaomba dawa ya maumivu kabla ya kitu kingine chochote. Ndiyo maana ni kosa kuyajumlisha mafungu matatu kuwa tarakimu moja, kama rasimu ilivyofanya. Mtu aliyetulia na mtu aliyeshindwa kuvumilia maumivu wangepata alama moja, na daktari angewaona kuwa wote wawili wako salama.

5. Maneno matatu ya jirani

Kukata tamaa. Rasimu ilitumia kauli "Nimekata tamaa" kuwa kinyume cha kukubali. Kwa msikilizaji wa Pwani, kukata tamaa ya rehema ya Mungu ni dhambi. Hakuna atakayekiri hivyo mbele ya muuguzi, hasa mkwewe akiwa mlangoni. Lakini kukata tumaini la kupona ni jambo jingine, na mtu aweza kulikata na bado akabaki na matumaini makubwa kwa Mola wake. Maswali yatenganishe mambo hayo mawili.

Amani. Neno hili limeelemewa na siasa na mahubiri. Ukimwuliza mkulima wa Mkinga kama ana amani, aweza kukujibu kwamba kijijini hakuna ugomvi. "Amani ya moyo" ni afadhali, lakini twaona "moyo kutua" ni bora zaidi: "Katika siku tatu hizi, moyo wako umetua?" Mfasiri wa kipimo cha Afrika akumbuke pia kwamba katika maswali ya maumivu tarakimu tano ni hali mbaya kabisa, lakini katika swali hili tano ni hali njema. Mgonjwa anayejibu kwa vidole aelezwe mgeuko huo kabla ya kuulizwa, la sivyo atainua vidole vile vile.

Shufaa. Hapa tunaingia mahali pagumu, kwa kuwa "tiba shufaa" imekwisha kuenea katika nchi yetu kuwa jina la tiba inayotuliza mateso pasipo kudai kuponya. Hatupendekezi ibadilishwe sasa. Istilahi iliyokwisha kuota mizizi haing'olewi kwa makala moja. Lakini waalimu na wauguzi wajue linavyosikika. Kwa Mwislamu wa mwambao, shufaa ni uombezi, hasa ule wa Mtume siku ya kiyama. Mgonjwa anayeambiwa kwamba amehamishiwa kitengo cha shufaa aweza kudhani kwamba duniani shauri lake limekwisha. Neno hilo lisitamkwe bila maelezo: kwamba ni tiba ya kumpunguzia maumivu, kichefuchefu na wasiwasi, na kwamba huweza kutolewa sambamba na tiba nyingine.

Tunaongeza tahadhari juu ya "kuachilia mambo ya dunia", kauli iliyotoka kwenye maswali ya Kibudha. Kwa Mbudha, kuachana na kung'ang'ania ni kilele cha hekima. Kwa mama wa Chumbageni mwenye watoto watatu wadogo, kuachilia mambo ya dunia ni kuwatelekeza. Atajibu hapana, na atakuwa amejibu vema; lakini hojaji ingemwondolea alama.

Vilevile tuliulizwa kama neno "ajali" lingefaa kwa maana ya siku iliyokadiriwa, ambayo ndiyo maana yake ya asili katika Kiarabu na katika Kiswahili cha wazee. Jibu letu ni hapana. Vijana wa leo hulisikia neno hilo wakafikiria basi lililopinduka. "Siku ikifika" yatosha, nayo inaeleweka na wote.

6. Jambo lisilokuwamo katika rasimu

Hadi hapa tumehakiki maneno. Lakini msamiati wenyewe wa Pwani ulitufunulia upungufu mwingine. Kila tulipowauliza wazee mtu aliyeridhia mauti huonekanaje, hawakutueleza anavyojisikia. Walitutajia anavyotenda: ameombana radhi na jamaa na majirani, ametaja madeni anayodai na anayodaiwa, amerudisha amana za watu, ameacha wasia.

Mambo hayo si desturi tupu. Katika sheria ya Kiislamu madeni ya marehemu hulipwa kabla urithi haujagawanywa, na wasia hauvuki thuluthi ya mali. Anayekufa bila kutaja deni huwaachia wanawe ugomvi. Kwa Wakristo wa Muheza na Magila yako mambo yanayolingana na hayo: kuungama, kupatana na waliokosana, na kupokea sakramenti. Kwa hiyo maandalizi ya mauti yana msamiati uliokamilika katika mwambao, nao ni msamiati wa vitendo.

Fasihi yetu inashuhudia hayo. Mwana Kupona wa Pate, katika mwambao wa kaskazini, alitunga utendi wake kwa ajili ya bintiye mwaka 1858, naye alikuwa mgonjwa. Miaka michache baadaye alifariki. Hakuna aliyemwuliza kama amekubali kifo chake. Alikaa akamwachia mtoto wasia, akamkabidhi kwa Mola wake. Msomaji hahitaji kipimo kingine.

Hatusemi kwamba vipimo vya hisia vitupwe. Mtu aweza kuombana radhi na ukoo mzima na usiku akakosa usingizi kwa hofu. Tunasema kwamba hojaji inayouliza hisia peke yake inamnyima mgonjwa wa Tanga lugha anayoijua kuliko zote, na kisha inamhesabu kuwa amekosa la kusema.

7. Mapendekezo

Kwa kuhitimisha, tunaleta mbele ya wasomaji wetu mapendekezo yafuatayo ili yajadiliwe kabla ya kupelekwa kusanifishwa:

(i) Istilahi ya hali inayopimwa iwe "kuridhia mauti". Maneno "kukubali kifo", "ukubalifu" na "ridhaa ya mauti" yaachwe.

(ii) Majibu ya ngazi yasitumie "nakubali". Yawe: ni kweli kabisa; ni kweli kiasi; sina hakika; si kweli sana; si kweli kabisa.

(iii) Namna tatu ziitwe kuridhia kwa maumbile, kwa tumaini na kwa uchovu, na kila moja ihesabiwe peke yake.

(iv) Kimilikishi kiondolewe. Badala ya "kifo chako", maswali yatumie "siku ikifika", na kila swali litaje muda.

(v) Maswali manne yaongezwe: Je, kuna mtu ambaye ungependa kuombana naye radhi? Je, kuna deni au amana ambayo ungependa itajwe? Je, kuna neno unalotaka kuwaachia watu wako? Je, kuna jambo katika haya ambalo ungependa tukusaidie kulitimiza? Swali la nne ndilo la maana kuliko yote, kwa kuwa linamfanya mwulizaji awe na wajibu.

(vi) Hojaji yoyote ya namna hii isomwe kwanza kwa sauti mbele ya wazee na wauguzi wa mahali husika, kabla ya mgonjwa hata mmoja kuulizwa.

Muuguzi wa Pangani alituambia kwamba alirudi kwa bibi yule bila karatasi, akamwuliza kama yuko mtu anayetaka kuombana naye radhi. Bibi alitaja jina la dada yake, ambaye walikuwa hawajasemezana kwa miaka mingi. Dada huyo aliitwa, akaja.

Tunawaomba waalimu, wafasiri na watumishi wa afya wa Mkinga, Muheza, Pangani na mjini Tanga watuletee maneno yanayotumika kwao kwa hali hii, pamoja na sentensi kamili walizozisikia. Maneno matupu yasiyo na sentensi hayatusaidii sana. Wenye hoja dhidi ya "kuridhia" nao wasisite. Rasimu ile bado iko mezani petu, na wenyewe wanasubiri.